Vyuma Kumi vya Rubyiro

Jumanne, 11 Machi

Mstari wa tatu umeisha kabla ya saa nne. Wa nne umechelewa kwa sababu ya Tantine, dada ya mama yangu, ninayekaa kwake. Anashika ncha ya dekameta, ule utepe wa kupimia, ng'ambo ya mto kama mtu aliyeshikishwa mbuzi wa jirani, macho yakiwa kwenye mpunga wake. Nikimwambia avute, anavuta mpaka nayumba majini. Halafu anacheka.

Kazi ni hii hii tangu Oktoba, kila baada ya wiki mbili. Mistari mitano inayokatiza mto Rubyiro. Kila mstari una vyuma viwili vya ferabeto, nondo za ujenzi, kimoja ukingo huu, kimoja ukingo ule. Natandaza dekameta kati ya vyuma, naingia majini, nasimamisha fimbo kila nusu mita, naandika kina. Kisha nachota mchanga wa chini, natia mfukoni, naandika namba. Hivyo najua kama mto unakula ukingo wake au unajijaza. Swali ni hilo tu. Shuleni ndiko lilikovalishwa maneno marefu.

Vyuma kumi. Kila kipimo kinaanzia kwenye chuma. Chuma kikisogea, daftari zima linakuwa karatasi ya kufungia karanga.

Buti la kushoto linavuja. Joto limeanza saa mbili asubuhi. Nimechoka na Bugarama, na mto huu, na harufu ya pumba za mashine za mpunga. Nasema wazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia.

Ijumaa, 14 Machi

Kamembe, maabara ya udongo ya watu wa barabara. Wananiruhusu kutumia tanuri na chekeche zao, mradi niondoke kabla hawajafunga. Mashine ya kutikisa imekufa. Nimetikisa kwa mikono, chekeche sita moja juu ya nyingine, dakika kumi kila mfuko. Mifuko minane. Bega limevimba.

Kazi hii naipenda, lazima nikiri. Mchanga mkavu hausemi uongo. Ule wa katikati ya mto ni mzito na safi, chembe zinalingana. Wa kando ni laini kama unga wa mhogo. Nikiuona tu najua umetoka wapi, hata kabla ya mizani.

Msimamizi wangu amepiga simu. Atakuja Jumatatu tarehe 31 kuona vyuma, kuona mistari, kupima pamoja nami. Amenikumbusha tena, kama mtu anayesahau kuwa aliniambia wiki jana: mwaka huu ndio wa mwisho wa jina langu kwenye orodha ya chuo. Mwaka juzi nilibadilisha mada. Mwaka jana niliugua. Bila tasnifu mwezi Juni, miaka yote niliyokaa darasani inabaki hadithi ya kuwasimulia wajomba. Na tasnifu bila vipimo vya kabla na baada ya mvua kubwa haipokewi.

Wenzangu wote walivaa majoho zamani. Mimi nina buti linalovuja.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nimemwambia Mzee Anastase, kiongozi wa mudugudu, kijiji chetu, kwamba mwalimu wangu atakuja. Mgeni wa namna hiyo huwezi kumwingiza kimyakimya. Mzee amefurahi kuliko mimi. Yeye na Tantine Beata walirudi kutoka ukimbizini Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa lori moja, mwaka mmoja, na tangu hapo anajiona kama baba yetu wa kijiji. Ameandika tarehe kwenye kijitabu chake. Ameuliza mwalimu atasimama wapi hasa. Nikamwonyesha: pale kwenye kona, mstari wa nne, chini ya shamba la Tantine.

Akatikisa kichwa polepole, akasema mahali pale pana vichaka. Nikasema havina neno.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu juzi. Jana ilikuwa siku ya kupima, haikuwezekana. Mto umefika mpaka kwenye majani, rangi ya chai ya maziwa, unabeba migomba mizima. Nimesimama juu ya ukingo nikihesabu vyuma. Saba naviona. Vitatu viko chini ya maji lakini najua viko, nilivipigilia mimi mwenyewe, mita moja ndani.

Hii ndiyo mvua niliyoingoja tangu Oktoba. Maji yakishuka nitapima, na nitakuwa na kabla na baada. Nimepata moyo kidogo.

Kesho nakwenda Kamembe kumaliza mifuko iliyobaki, nirudi Jumapili. Jumatatu mgeni.

Jumapili, 30 Machi

Sijui nianze wapi.

Nianze jana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya nchi nzima. Mimi nimeufanya Kamembe na Maman, mtaa mzima tulikuwa tunazibua mtaro. Tumetoa mchanga wa kujaza karai sijui ngapi, na mimi nilikuwa nautazama tu ule mchanga na kufikiria chekeche. Watu walinicheka. Nikacheka nao. Sikufikiri hata mara moja kwamba huku Bugarama nako ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Leo saa saba mchana nimeshuka kwenye pikipiki, nikaenda moja kwa moja mtoni. Nilifikiri nimepotea. Maji yameshuka, kona ni safi. Vichaka hakuna. Ukingo wa shamba la Tantine umechongwa kwa majembe, umelazwa vizuri kama ukuta wa nyumba mpya, na juu yake wamepanda majani ya ng'ombe kwa mistari iliyonyooka. Lile rundo la kokoto katikati ya mto, ambalo nimelipima miezi sita likikua, wamelitoa kwa makoleo wakalimwaga kwenye njia ili mgeni asikanyage matope.

Vyuma nimevikuta mlangoni kwa Tantine. Vyote kumi. Vimeoshwa. Vimefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba.

Mzee Anastase alinikuta nimesimama navyo mkononi. Anang'aa uso mzima. Alisema:

"Tulikutengenezea fasi yako, Solange. Mwalimu asikuye kukuta buchafu. Na bile byuma, muntu angeweza kukata mguu."

Akanipa mkono. Na mimi nikamwambia asante. Nimesema asante, Mzee, mmefanya kazi nzuri. Maneno yalitoka yenyewe. Watu zaidi ya sitini walikuja na majembe kwa ajili ya mgeni wangu, kwa sababu mimi nilimtangaza, na mimi nilionyesha mahali pa kusimama kwa kidole changu.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Sijui namkasirikia nani.

Ninajua. Darasani tulifundishwa: kila chuma kipimiwe umbali wake kutoka vitu viwili visivyotembea. Nguzo ya daraja, pembe ya kanisa. Nilisema nitafanya wiki ijayo. Nikaona vyuma viko mita moja ardhini, nani atavitoa? Nilifikiria mto. Sikufikiria watu sitini wenye adabu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeamka na mapambazuko nikaenda na nyundo. Nina picha za simu, za Oktoba na za Februari. Nimesimama pale niliposimama nilipopiga picha, nikakisia. Hapa palikuwa na jiwe. Hapa palikuwa na mzizi, lakini mzizi wameshaukata. Nimevipigilia vyote kumi kwa kukisia. Nikapaka matope kwenye vichwa vyake visionekane vipya.

Hakuna aliyeniona. Au waliniona na wakafikiri ndiyo kazi yangu.

Msimamizi amefika saa tatu, suruali imekunjwa, ana furaha ya mtu aliyetoka ofisini. Mzee Anastase amemkaribisha kwa hotuba. Mwalimu amesifu majani yaliyopandwa. Kisha tukapima. Tantine ng'ambo na dekameta, mimi naandika, yeye mwenyewe na fimbo majini. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, tofauti ndogo. Mstari wa nne akapima. Akapima tena. Ukingo wa Tantine umerudi nyuma mita moja na robo, na katikati ya mto kina kimeongezeka mpaka goti. Kwa mvua moja.

Akaniuliza kama vyuma hivi vimeguswa na mtu yeyote.

Nikasema havijaguswa.

Tantine alikuwa mbali, mto una kelele, hakusikia. Nilimwangalia ili nihakikishe hakusikia. Hilo ndilo ninalolichukia zaidi katika siku nzima ya leo.

Mwalimu amesema ni matokeo ambayo hakuyategemea. Ameyapiga picha daftarini mwangu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimechora michoro. Mstari wa nne ni mzuri sana. Kabla, baada. Mtu yeyote akiutazama anaona mto ukila ardhi.

Ni majembe. Mita moja na robo ya majembe na ya kukisia kwangu.

Sikula mchana. Tantine kaniletea ugali wa mhogo na ndagala, dagaa wa huku, kitandani akidhani ni malaria.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepima jana na leo, kwa kuwa lazima daftari liendelee. Kutoka vyuma vya uongo. Hakuna kilichobadilika kwenye mstari wa nne, bila shaka, majembe hayakurudi.

Mwalimu amepiga simu mchana. Sauti ya kirafiki, hajawahi kunisemesha hivyo. Alikuwa Kamembe kwenye mkutano, akakutana na bwana shamba wa sekta yetu, akamwonyesha mchoro wangu. Bwana shamba ameshtuka. Mto unaokula hivyo kwa mvua moja utamaliza kona yote kabla ya mwaka kuisha. Wamekubaliana kwamba mashamba matatu ya kwenye kona yasilimwe tena baada ya mavuno haya, pakae mianzi ya kushika udongo. Wataeleza wenyewe kwenye mkutano wa umuganda, tarehe 26.

Akasema ni wanafunzi wachache ambao kazi yao inatumika hata kabla hawajahitimu. Akasema hongera.

Mashamba matatu. La kwanza la mjane mmoja wa huku chini, la pili la watu wa kanisani, la tatu la Tantine.

Nimekaa kwenye jiwe nikiwa na simu mkononi mpaka skrini ikazimika. Nikisema ukweli, sina tasnifu, na jina langu linatoka. Nikinyamaza, Tantine hana shamba. Na hata nikisema, nitasema nini? Kwamba Mzee Anastase ndiye aliyetoa vyuma? Mbele ya watu aliowaita yeye? Kila ninakogeuka nakuta ukuta, na kila tofali nimeliweka mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Habari zimemfikia Tantine kabla ya mkutano. Hapa siri haimalizi siku mbili.

Tulikuwa tunapalilia, maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hakuacha kazi. Alinieleza alivyosikia, akang'oa magugu mengine matatu au manne, ndipo akauliza:

"Weye njo unajua mto, Solange. Ni kweli itakula shamba?"

Shamba hili alipewa waliporudi. Kabla ya hapo hakuwahi kuwa na udongo wake, si Bukavu, si popote. Alisomesha watoto wawili kwa mpunga huu. Mimi nalala kwenye chumba kilichojengwa kwa mpunga huu.

Nikasema ndiyo, nafikiri.

Akasema: "Kama ni weye unasema, basi."

Akaendelea kupalilia. Nami nikaendelea. Nilitaka aniulize tena ili nipate nafasi ya kujibu vingine. Hakuuliza. Kwake yeye jambo limekwisha, kwa sababu mtoto wa dada yake amesoma.

Mimi ni mtu mbaya. Naandika ili nilione neno hilo kwa maandishi yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka nimeimaliza Kamembe kwa Maman. Sikumwambia kitu. Aliniuliza mara mbili kwa nini nimekonda, nikasema jua.

Leo maabara. Mfuko uliobaki ulikuwa mmoja, ule wa mstari wa nne wa tarehe 31 Machi, upande wa Tantine. Nilikuwa nauruka kila siku. Nimeukausha, nimeumwaga kwenye chekeche ya juu.

Sikuhitaji kutikisa. Mabonge ya udongo mweusi. Mizizi. Vipande vya mabua ya mpunga vilivyokatwa kwa chuma, vina mkato ulionyooka. Mchanga kidogo sana. Mto haupangi vitu hivi. Mto huchagua, hutenganisha, kizito huku, chepesi kule. Huu umeangushwa kutoka juu, wote pamoja, siku moja. Ni udongo wa shamba uliochongwa kwa jembe, na mwanafunzi wa mwaka wa pili angeutambua.

Nimekaa mbele yake karibu saa nzima. Naweza kuutupa. Mfuko mmoja, nani atauliza? Niseme ulipasuka kwenye pikipiki. Nilishaifunua ndoo ya taka.

Fundi wa maabara alipita akaniuliza kama mizani imeharibika, mbona siandiki. Nikasema mizani ni nzima.

Nimeupima. Nimeandika kila chekeche. Pembeni nimeandika: mizizi, mabua, si wa mto. Maandishi yanasomeka.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimempigia mwalimu saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikasoma karatasi. Vyuma vilitolewa tarehe 29. Nilivirudisha kwa kukisia. Uliponiuliza nilikudanganya. Mstari wa nne ni majembe.

Aliniacha nisome mpaka mwisho. Kisha akaongea taratibu, na ule ukarimu wa wiki iliyopita ulikuwa umekwisha. Vyuma kutolewa si kosa langu, alisema, ni jambo la kazi, lingeandikwa kwenye tasnifu ukurasa mmoja na tungepata njia. Ningemwambia siku ile, tungeokoa mistari ya miezi sita ya mwanzo. Lakini sasa yeye mwenyewe ameishika ile fimbo, ameyapeleka matokeo kwa bwana shamba kwa jina lake. Hawezi kupeleka jina langu mbele.

Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa wa bure. Ukweli ungepita. Hilo ndilo lililonikalisha chini.

Atampigia bwana shamba, alisema. Lakini watu wa kona niwaambie mimi, kwa mdomo wangu. Na asubuhi hiyo hiyo ya mkutano.

Jumamosi, 26 Aprili

Umuganda ulikuwa wa barabara ya shuleni. Nimechimba kama kichaa. Nilitaka kazi isiishe.

Imeisha saa tano. Watu wamekaa kwenye majani, majembe mbele yao. Bwana shamba aliniita kabla ya kitu kingine chochote. Macho yake hayakunitazama. Tantine alikuwa safu ya pili, ananitazama kwa fahari, akidhani nitaeleza michoro.

Nilisimama. Nikasema mto haujala kona. Ukingo ulichongwa kwa majembe, nami nikaandika kuwa ni mto. Nikasema vyuma vya kupimia havikuwa mahali pake, nikadanganya kwamba viko. Sikumtaja aliyevitoa. Nilikuwa nimeapa sitamtaja. Nikasema kosa ni langu peke yangu, nikaomba radhi kwa wenye mashamba matatu, kwa majina yao. Jina la Tantine nililitaja mwisho.

Kisha Mzee Anastase akainuka. Anainuka polepole siku hizi, kwa goti. Aliongea nami, si na mkutano.

"Bile byuma nilibitoa mimi, na hii mikono. Sasa juu ya nini haukuniambia? Ulinipa mukono, ukasema asanti."

Niliogopa kumwaibisha siku ile, tukiwa wawili mlangoni, nikaishia kumwaibisha mbele ya mudugudu mzima. Nusu ya watu wale walishika yale majembe. Waliangalia mikono yao.

Bwana shamba amesema mpango wa mianzi unasimama mpaka kona ipimwe upya. Akauliza nani atapima. Halafu mjane wa shamba la kwanza akasema, kwa ukali, apime huyu huyu, alipe alichoharibu. Watu wakakubali. Kila wiki mbili, mpaka mvua za mwaka ujao.

Nilikuwa nimekwisha funga begi langu.

Tantine hajanisemesha. Amepika, ameniwekea sahani, amekwenda kulala mchana. Hajawahi kulala mchana.

Jumatatu, 28 Aprili

Vyuma vipya kwenye mistari yote. Safari hii kila kimoja kimepimiwa kutoka nguzo ya daraja na kutoka pembe ya kanisa, na kimezungushiwa sementi. Kisha nikapima mistari yote mitano. Mzee Anastase alikuja na kijitabu chake, akaandika umbali wote, chuma kwa chuma, nakala yake mwenyewe. Hakuongea zaidi ya kuuliza namba. Nilijaribu kumwambia kitu, akasema tuendelee, jua linapanda.

Anayo nakala kwa sababu haniamini. Ana haki.

Ijumaa, 9 Mei

Barua ya chuo imefika kwa simu, imepigwa picha. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wanaowasilisha mwaka huu. Naweza kuandika ombi la kurudishwa, watalisoma Septemba. Mwalimu hataliunga mkono. Hakulisema kwa ubaya.

Nilidhani nitalia. Nilikwenda kuosha mabuti.

Maman amepiga simu, ananitaka Kamembe, kuna shule ya watoto inatafuta mwalimu wa jiografia. Nimemwambia siwezi kutoka. Akauliza nani amenifunga. Nikasema mto. Alidhani natania.

Jumanne, 13 Mei

Kipimo cha kwanza baada ya kile cha siku ya vyuma vipya. Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku tatu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, karibu hakuna kitu.

Tantine alikuja bila kuitwa. Mpunga umetoa mashuke, alikuwa na kopo lake la kufukuzia ndege, akaliweka chini akashika ncha ya dekameta. Alivuta sawasawa. Hakucheka.

Mstari wa nne, upande wake. Nimesimamisha fimbo, nikasoma. Nimeitoa, nimeisimamisha tena. Nimehakikisha umbali wa chuma kutoka kanisani na kutoka darajani. Chuma hakijasogea hata kidogo. Nimechota udongo wa chini ya ukingo na kuusugua kiganjani. Mchanga safi, chembe zinalingana, hakuna mzizi, hakuna bua.

Kiganja kimoja cha ukingo kimekwenda. Kwa mvua ya siku tatu. Si mita na robo. Kiganja. Lakini ni mto.

Nilibaki majini muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilifikiria kuliacha mpaka wiki mbili zijazo, labda nimekosea. Sikukosea. Nikavuka, nikamwambia Tantine. Mto unakula shamba, polepole, mwaka huu hautalimaliza, lakini unakula.

Safari hii hakusema 'kama ni weye unasema, basi'. Aliitazama fimbo mkononi mwangu.

"Leta nisome mimi mwenyewe."

Akakunja kitenge, akaingia majini bila mabuti. Nikamwonyesha mahali pa kusimamisha. Alisoma namba kwa sauti. Akanitaka nimsomee ya tarehe 28 kwenye daftari, kisha akalichukua daftari akaisoma mwenyewe. Akasimamisha fimbo mara ya pili. Namba ni ile ile.

Kisha akanirudishia fimbo, akapanda ukingo, akaokota kopo lake. Ndege walikuwa wamekwisha tua upande wa juu wa shamba. Akaenda kuwafukuza, nami nikaingia mstari wa tano peke yangu, nikafunga ncha ya dekameta kwenye chuma.

Nimeandika namba zote. Zinasomeka.